Amplifaya ya zamani ipimwe kwanza, ndipo iamuliwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na wasomaji wenye amplifaya za miaka ya 1970 na 1980, zile Sansui, Pioneer, Marantz, Kenwood, Technics na NAD zilizokaa sebuleni tangu enzi za santuri. Moja ikinyamaza, mwenye nayo hupewa ushauri wa aina mbili. Yupo atakayemwambia hiyo imezeeka, akanunue ya bluetooth. Yupo pia atakayemwambia vya zamani havina mpinzani, aitengeneze kwa gharama yoyote. Wote wawili wamehukumu kabla ya kufungua kifuniko.

Msimamo wetu ni kwamba umri hauamui. Yanaamua mambo matatu: uzima wa transfoma, aina ya transista za mwisho zinazosukuma spika, na hali ya bodi. Yote matatu hupimika kwa mita ya kawaida na balbu moja, kabla hujatoa hela ya spea.

Ila kabla hata ya mita, amplifaya nyingi hubebwa kwenda kwa fundi zikiwa hazina ugonjwa. Tazama kitufe kilichoandikwa TAPE MONITOR. Kikiwa kimebonyezwa, amplifaya inasubiri sauti kutoka kwenye deki ya kaseti. Deki isipokuwepo, spika zitakaa kimya hata ukiongeza sauti hadi mwisho. Geuza nyuma uangalie matundu ya PRE OUT na MAIN IN. Kwenye miundo mingi yameunganishwa kwa vipini vya chuma vyenye umbo la U, kimoja kwa kila upande. Vikichomoka wakati wa kuhama nyumba, hakuna sauti; kikipotea kimoja, unakufa upande mmoja tu. Swichi ya spika A na B nayo huachwa katikati. Na kama sauti inakwaruza unapozungusha vitufe, huo ni uchafu na kutu nyepesi ndani, unaotibika kwa spreyi ya kusafishia viungo vya umeme: puliza kidogo ndani ya kitufe huku chombo kimechomolewa, zungusha mara ishirini au thelathini, acha ikauke. WD-40 si dawa ya kazi hii. Huyeyusha grisi ya ndani, kitufe kikalegea, na baada ya muda vumbi linanata kuliko mwanzo.

Halafu tazama kibandiko cha nyuma kuhusu umeme. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, ya Marekani volti 120. Tanzania tuna 230 na Kenya 240, kwa 50 Hz. Mizigo mingi inayoletwa na ndugu kutoka Marekani inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hapo watu husahau kusoma hertzi. Ikiandikwa 50/60 Hz hakuna tatizo. Ikiandikwa 60 Hz peke yake, kwa umeme wetu chuma cha transfoma hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20 hivi, transfoma ikavuma na kupata joto hata volti zikiwa sahihi kabisa. Zile za soko la nje huwa na kichaguzi cha volti nyuma au chini. Kiweke 240, usikiache 220. Sababu ni kapasita kubwa za kuchuja umeme: kama muundo unazipa volti 48 na zenyewe zimeandikwa 50, umeme wa 240 kwenye nafasi ya 220 unazipandisha hadi volti 52. Zitavumilia leo, mwakani zitavimba.

Sasa tufungue kifuniko, kwa tahadhari. Kapasita mbili za 10,000 µF (maikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kapasita) zikiwa na volti 50 zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Usizikutanishe miguu kwa bisibisi. Zitatoa cheche, zitaharibu bisibisi, na pengine kapasita yenyewe. Shika rizista ya ohm 220 ya wati 10 kwa koleo lenye mpira, igusishe kwenye miguu ya kapasita kwa sekunde 15, kisha pima. Ikisoma chini ya volti 1, endelea.

Anza na fyuzi. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, huenda ni uchovu au umeme uliorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa fedha kwa ndani, kuna shoti. Fyuzi isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala isizungushiwe karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tunaitaja karatasi hiyo kwa sababu bado tunaikuta, na mara nyingi chini yake tunakuta transfoma iliyoungua, yaani kitu pekee ndani ya kasha ambacho dukani hakuna.

Kabla ya kuiwasha, tengeneza kifaa cha balbu. Ni soketi ya balbu iliyoungwa katika mfululizo kwenye waya wa moto, ili umeme wote wa amplifaya upite kwenye balbu kwanza. Balbu iwe ya uzi, wati 60 kwa amplifaya ndogo na 100 kwa kubwa. Ya LED haifai kabisa. Ondoa spika, shusha sauti, washa. Balbu ikimweka kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima mara moja: kuna shoti, ila hakuna kingine kitakachoungua kwa sababu balbu imezuia mkondo. Fundi anayekuletea habari kwamba "transista mpya zimeungua tena nilipowasha" hakutumia balbu, na gharama hiyo si yako.

Hapo ndipo transfoma inapohukumiwa. Tenganisha nyaya za upande wake wa pili, washa tena kupitia balbu. Balbu ikizidi kuwaka, transfoma imepiga shoti ndani. Ikizima, transfoma ni nzima na tatizo liko mbele, kwenye diodi za kugeuza umeme au kwenye transista za mwisho. Kama balbu haiwaki hata kidogo tangu mwanzo na fyuzi ni nzima, chomoa chombo ukutani, pima njia ya kwanza ya transfoma, ile inayopokea umeme wa ukutani, kwa mita. Ohm chache ni kawaida. Ikionyesha imekatika, usikate tamaa upesi: baadhi ya transfoma zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi ya nje, na ikipatikana hubadilishwa kwa nyingine ya nyuzijoto zilezile. Kusuka upya kunawezekana kwa mafundi wanaosuka mota, lakini lazima wahesabu mizunguko ya zamani wanapoifungua na kupata waya wa unene uleule. Wakikisia, utapata volti zisizolingana pande mbili na mvumo wa kudumu. Kwa amplifaya ya kawaida ya wati 30 au 40, transfoma iliyokufa ndiyo mwisho wa hesabu. Iuze kwa spea.

Transfoma ikiwa nzima, pima volti za DC (umeme usiogeuka mwelekeo, ambao spika hautakiwi kuufikia) kwenye matundu ya spika, bila spika, sauti ikiwa sifuri, baada ya dakika kumi za kuwaka. Chini ya milivolti 50 ni nzuri. Kati ya 50 na 100 inaishi, lakini iwekwe kwenye ratiba ya matengenezo. Zaidi ya 100 itengenezwe kabla ya kuunganisha spika. Ukikuta volti 30 au 50 kamili, transista ya mwisho imepiga shoti na koili ya spika itaungua ndani ya sekunde chache. Kama rilei ya ulinzi, swichi ya umeme inayounganisha spika, haijabofya, ile inayosikika sekunde tatu hadi sita baada ya kuwasha, pima kabla ya rilei, kwa kuwa baada yake hutaona kitu. Rilei inayokataa kubofya inafanya kazi yake. Wapo wanaoiunganisha moja kwa moja ili "sauti irudi". Huo ni uharibifu wa spika uliolipiwa. Rilei yenyewe huchakaa pia: upande mmoja unakuwa hafifu, ukiongeza sauti unafunguka ghafla. Usisugue viungo vyake kwa msasa, unaondoa utando wa fedha. Rilei mpya yenye koili ya volti zilezile, aghalabu 24, ni ya bei ndogo.

Tuje kwenye jambo la pili, ambalo ndilo huamua zaidi kuliko yote. Kuna amplifaya zenye transista moja moja zilizofungwa kwenye hitisinki, yaani chuma cha kupoza joto, na kuna zenye moduli, yaani tofali jeusi lenye miguu mingi. NAD 3020 ya mwaka 1978 ni mfano mwema wa kundi la kwanza. Inatumia 2N3055 na MJ2955, transista zinazotengenezwa hadi leo na zinazouzwa kila mahali. Ya namna hiyo haina sababu ya kutupwa kwa kuungua transista. Kundi la pili lina moduli za Sanyo zinazoanza na herufi STK, au SVI walizotumia Technics. Kitengo cha Sanyo kilichotengeneza STK kilinunuliwa na ON Semiconductor mwaka 2011, uzalishaji wake ukakoma, na zinazouzwa sasa kwa jina hilo nyingi ni feki. Feki inaweza kupiga kwa sauti ya chini wiki nzima kisha ikapasuka sherehe ikikolea. Halafu kuna watu wenye bahati mbaya ya kumiliki kitu kizuri mno, kama Sony TA-5650 yenye V-FET, aina adimu ya transista, za 2SK60 na 2SJ18. Hizo hazina mbadala sokoni. Zikiungua, amplifaya imekuwa pambo.

Kwa moduli iliyokufa na transfoma nzima kuna njia ya katikati ambayo wachache huitaja. Pima volti za kapasita kubwa. Zikiwa kati ya jumlisha na kutoa 28 hadi 35, unaweza kuondoa moduli na kufunga bodi mbili za LM3886, ic (kijisakiti kizima ndani ya kipande kimoja) inayotoa wati 68 kwa ohm 4 kwenye volti 28, na wati 50 kwa ohm 8 kwenye volti 35. Volti zikizidi hapo hadi 45, tumia ic ya TDA7293. Weka mika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) na grisi ya joto kati ya ic na hitisinki, maana mgongo wa chuma wa LM3886T umeungana na volti hasi. Ile ya mwisho wa TF ina mgongo wa plastiki. Nyaya zote za ardhi zikutane sehemu moja katikati ya kapasita kubwa, la sivyo itavuma. Thamani ya kikale inapotea, na mkusanyaji hatainunua. Sauti itabaki nzuri, na vitufe vya mbele vitaendelea kufanya kazi.

Kwa zenye transista, gharama ya kweli iko kwenye mnyororo. Hatua zimeungana moja kwa moja bila kapasita katikati, hivyo transista ya mwisho ikipiga shoti inavuta na dreva wake (transista ndogo inayoisukuma), rizista ya emita ya ohm 0.22 hadi 0.47, na mara nyingine diodi ya baiasi (mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) iliyobandikwa kwenye hitisinki. Kubadilisha moja iliyoungua na kuacha zilizobaki ni kuandaa mlipuko wa pili. Badilisha jozi nzima ya upande huo, pima dreva na zilizo nyuma yake, pima kila rizista ndogo. Kwa mita kwenye alama ya diodi, transista nzima iliyotolewa kwenye bodi husoma 0.5 hadi 0.7 kutoka besi kwenda kolekta na emita, miguu yake mitatu (au kinyume chake kwa transista za aina ya PNP), na haisomi kitu kati ya kolekta na emita. Ukisikia mlio hapo, imekufa.

Spea feki ni tatizo kubwa Kariakoo sawa na Luthuli Avenue ya Nairobi. 2SC5200 na 2SA1943 za Toshiba ni miongoni mwa zinazoigwa sana: ndani kuna kipande cha silikoni kidogo kuliko cha kweli. Nunua tatu ukihitaji mbili, vunja moja ulinganishe. Na hata ya kweli haifai kila mahali. 2SC5200 ina kasi ya 30 MHz. Ukiiweka kwenye amplifaya iliyobuniwa kwa 2N3055 ya takriban 3 MHz, inaweza kuanza kutetemeka kwa masafa usiyoyasikia. Dalili yake ni rizista ya ohm 10 karibu na matundu ya spika, ile iliyoungwa na kapasita ya 0.1 µF, kupata moto bila muziki. MJ15003 na MJ15004 ni salama zaidi kwa miundo ya polepole. Kisha baiasi irekebishwe upya kwa kitabu cha huduma. Kitabu kikisema miliampea 20 na rizista ya emita ni ohm 0.47, mita isome milivolti 9.4 juu ya rizista hiyo. Trima (rizista ndogo ya kurekebishia baiasi) ya zamani ikikatika ndani, baiasi hupanda hadi mwisho, kwa hiyo trima mpya iwekwe kwanza.

Kwa nini ziliungua? Mara nyingi kwa spika. Amplifaya nyingi za miaka hiyo ziliandikwa ohm 8. Spika za gari ni ohm 4. Mtu akifunga jozi mbili za gari na kubonyeza A na B pamoja, kila upande unaona ohm 2, na hakuna transista ya kuhimili hilo usiku mzima.

Bodi ndiyo jambo la tatu, nalo ukanda wa pwani una adhabu yake. Chumvi ya hewani Tanga, Unguja au Mombasa hugeuza njia za shaba kuwa kijani. Mende hupenda joto la transfoma. Njia tatu au nne zilizokatika huungwa kwa waya. Ikiwa nusu ya bodi imeliwa, au sehemu imeungua hadi kuwa mkaa, jua kwamba mkaa unapitisha umeme: hukatwa na kutolewa, haupakwi rangi. Kwenye Sansui hasa, chunguza gundi ya kahawia inayoshika kapasita. Ilikuwa rangi ya maziwa ilipotoka kiwandani. Ikizeeka inakuwa nyeusi, inapitisha umeme na kula miguu ya diodi na rizista. Ikwanguliwe yote kwa kijiti, na kila mguu uliolika ubadilishwe.

Kuhusu kapasita, kuna homa ya kubadilisha zote. Ndogo za 1 hadi 100 µF zilizo karibu na hitisinki zinastahili, kwa mpya za nyuzijoto 105. Zile kubwa za kuchuja ziachwe kama hazijavimba, hazijavuja, uwezo wake haujapungua kwa zaidi ya asilimia 20 na hakuna mvumo. Kuziongeza mara mbili "ili besi ishuke" kunaua diodi na swichi ya kuwashia kwa mkondo wa kuanzia.

Amplifaya mpya ina nafasi yake. Lakini linganisha kwa haki. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwalazimisha watengenezaji watangaze wati za kudumu, pande zote mbili zikifanya kazi, baada ya saa nzima ya theluthi ya nguvu. Ndiyo maana amplifaya za miaka iliyofuata zina hitisinki na transfoma nzito. Wati 40 zake ni wati 40. Kasha jipya lililoandikwa PMPO 3000, yaani wati za kilele za kutangazia tu, halijaahidi kitu. Tazama adapta: volti 12 mara ampea 3 ni wati 36, za pande zote mbili na joto ndani yake. Bodi za amplifaya za ic ya TPA3116 ni nzuri kwa chumba kidogo zikipewa volti 24 na ampea 5, na kwa mwenye transfoma iliyokufa ndizo tungemshauri. Kutaka bluetooth tu si sababu ya kununua amplifaya. Kipokezi kidogo huchomekwa kwenye AUX.

Kwa hesabu, kadiria saa sita hadi kumi za kazi kwa upande mmoja ulioungua, ikiwemo usafi na kapasita ndogo. Bili ikizidi nusu ya bei ya amplifaya kama hiyo iliyo nzima sokoni, acha, isipokuwa kama ni ya marehemu baba, ambapo hesabu ni ya familia. Ikiwa imepita kwa mafundi watatu na kila mmoja ameacha nyaya zake, bili itazidi.

Patana na fundi kwanza kwa ada ya kupima peke yake. Risiti iandikwe volti za DC za kila upande kabla na baada, baiasi, na namba za spea zilizofungwa. Spea za zamani urudishiwe. Siku ya kuichukua ipigwe dukani saa nzima kwa spika zako, kisha uguse hitisinki. Iwe na joto ambalo kiganja kinavumilia, pande zote sawa. Upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, usilipe, irudi mezani.

Wako,
Mafundi wa redio na amplifaya,
Dar es Salaam